Sifuri Niliyomwachia Mwalimu

Mshauri wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kabla hujadhani hii ni barua nyingine ya mume aliyepotea njia, nikuambie mapema kwamba mume wangu yupo, ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha, anarudi nyumbani jua halijazama, watoto wetu wawili ni wazima, kazi yangu naipenda na usingizi napata. Kinachonisumbua ni sifuri. Naomba usicheke kwanza, nisome mpaka mwisho ndipo unisaidie, maana jambo hili nimelibeba miaka kumi na miwili na sasa limefika mahali ama nilitoe ama linitoe mimi.

Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta. Kompyuta haielewi mazungumzo yetu haya, lazima uiandikie kwa lugha maalumu yenye amri zake, na lugha hizo karibu zote maneno yake ni ya kigeni, ndiyo maana nilipokuwa chuoni mwalimu wetu wa hesabu, mtu mpole mwenye mwandiko ulionyooka kama wa kuchapwa, aliamua kutunga lugha yake ndogo ambayo amri zake ni maneno tunayoyajua sote: kama, basi, rudia, andika, acha, jumla maneno ishirini na manne, akaiita Wepesi. Wenzangu walidhani ni mchezo wa mtu anayekaribia kustaafu. Mimi niliikubali, nikakaa naye chumba cha nyuma ya maktaba miezi minane, yeye anafikiri na mimi naandika, na leo Wepesi inafundishwa mashuleni, inahesabu mizigo maghalani, inasoma mita za maji, na iko kwenye kliniki kadhaa za watoto.

Sasa kosa langu ni hili. Katika programu kila taarifa unaiweka kwenye kisanduku chenye jina, kuna kisanduku cha umri, kisanduku cha uzito, na kadhalika, na swali lililotukabili lilikuwa kwamba kisanduku ambacho hakijawekwa kitu, kompyuta ikiulizwa kilichomo, ijibu nini? Mwalimu aliniachia swali hilo wiki aliyong'olewa jino, shavu limemvimba hawezi hata kusema, akaniandikia kwenye karatasi: fikiria vizuri, usiharakishe. Mshauri, nilifikiria siku moja na nusu, kila nikijaribu programu inakwama, na Ijumaa ile kuna kijana mchomeleaji alikuwa amenialika tukatembee, huyu huyu aliye mume wangu leo, basi ilipogonga saa tisa alasiri nikaandika kwamba kisanduku kitupu kihesabiwe kuwa ni sifuri, programu ikaacha kukwama, nikafunga mlango nikaenda zangu. Mwalimu aliporudi sikumtajia habari za matembezi. Nilimwambia nimelifikiria kwa kina, na kwa aibu nikamtungia msemo papo hapo, kwamba kapu lisilo na yai lina mayai sifuri. Aliupenda mno. Aliuandika kwenye kitabu cha mwongozo wa lugha, kitabu chenye jina lake kwenye jalada, na mimi wakati ule nikaona nimepewa heshima.

Miaka ikaenda salama mpaka mwaka jana, wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ni muuguzi wa kliniki na tunapendana kama tuliozaliwa tumbo moja, alipokuja nyumbani amekunja uso. Kliniki yao inafuatilia uzito wa watoto kwa programu ya Wepesi, mtoto akipungua ghafla anawekewa alama nyekundu na mama yake anaitwa. Siku moja mizani iliharibika, watoto sita hawakupimwa, visanduku vyao vikabaki vitupu, na programu ikasoma kilo sifuri. Mama mmoja akapigiwa simu arudi haraka, akaja kwa miguu analia njia nzima, kumbe aliye mgongoni ni kitoto kinene kinatafuna biskuti. Wifi akaniuliza, "Hebu niambie wewe unayezijua hizi mashine, mtoto wa kilo sifuri ni mtoto gani?" Nikasema nitaangalia, kisha nikaingia jikoni nikaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Lugha ya kompyuta nayo ina baraza lake. Sisi tunaoitunza Wepesi tuko watano, tunakutana Jumamosi asubuhi chumba cha juu cha duka la fotokopi, feni moja, ubao na viti vitano visivyofanana, na kila mwaka tunajadili lugha iongezwe nini na ikataliwe nini. Nakwambia kweli, vikao hivyo navipenda kuliko sherehe. Mwalimu ndiye mwenyekiti, mimi katibu. Yuko mwenzetu tunayemwita Kifupi, kwa sababu kila mwaka analeta pendekezo la kufupisha maneno yawe alama, mwaka huu alisema vidole vyake vimechoka kuandika "rudia", Mwalimu akamjibu kwamba kidole kilichochoka hupona lakini msomaji aliyechanganyikiwa hufunga kitabu, tukapiga kura, Kifupi akashindwa nne kwa moja akacheka mwenyewe. Yuko fundi wa mita za maji, yeye aliomba programu iweze kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, tukabishana saa tatu nzima, akashinda kwa kura zote. Na wa tano ni wifi yangu, tuliyemwingiza awasemee watumiaji, na huyo ndiye aliyeleta pendekezo la neno jipya, neno la kisanduku ambacho hakijajazwa, kisihesabiwe sifuri tena. Alipendekeza liwe "hakuna".

Mwalimu akakataa. Akasema kapu lisilo na yai lina mayai sifuri. Wifi akamuuliza kwa adabu, "Na kapu ambalo hatujalifunua, Mwalimu?" Halafu Mwalimu akatoa hoja nyingine, na hiyo ina uzito, kwamba kuna maelfu ya programu zilizoandikwa zikiitegemea ile sifuri, ukiiondoa leo kesho maghala yatasimama. Kwetu jambo halipiti bila kura nne. Wifi, Kifupi na fundi wa mita walinyoosha mikono, Mwalimu hakunyoosha, na mimi, Mshauri, nikasema sijaamua. Kikao cha pili nikasema tena sijaamua.

Huku nje nako maneno yamezagaa. Watumiaji kwenye kundi letu la mtandaoni wamempachika Mwalimu jina la Bwana Sifuri, na mmoja aliandika kwamba inashangaza mwalimu wa hesabu hajui tofauti ya sifuri na kutokujua. Mwalimu alitusomea ujumbe huo mwenyewe, akavua miwani akaifuta, akasema hakuna hata jambo moja katika Wepesi aliloliweka bila kulifikiria, akanigeukia mimi akasema, "Binti yangu huyu ni shahidi, alikuwepo." Nikatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo kidonda kilipo. Ninaamini anajua fika kwamba sifuri ni yangu na ananisitiri, anakula matusi yangu kwa niaba yangu, na amesema kwamba neno hilo likipita ataachia uenyekiti arudishe ufunguo wa chumba chetu cha vikao.

Mume wangu ananiambia ninyamaze, nipige kura ya ndiyo yaishe, kwa sababu jambo la miaka kumi na miwili halina mwenyewe. Lakini nikipiga ndiyo nikiwa kimya nitakuwa nimemzika mwalimu wangu kwa kosa langu, nikipiga hapana nitakuwa nimewageuka akina mama wa kliniki, na nikisema ukweli naogopa nitamwaibisha yeye aliyenificha na wifi yangu atajua ni nani aliyemtoa machozi yule mama. Kikao cha tatu ni wiki mbili zijazo. Nifanye nini?

Ni mimi,
Katibu wa Watano


JIBU

Katibu, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kikazi na ya pili kwa raha zangu. Miaka yote hii naandikiwa habari za wakwe na wapenzi, leo nimeletewa sifuri. Karibu sana.

Kompyuta mimi naijulia kuandikia safu hii tu, lakini kwa maelezo yako nimeelewa kila kitu, na hiyo ni dalili kwamba una akili nzuri. Basi mbona unaifanyia ubahili panapohusika mwalimu wako?

Tuanze na lililo dogo. Msichana wa miaka ishirini na kitu aliharakisha kazi ili akatembee na kijana. Hilo nimekusamehe kabla hujamaliza sentensi, na kwa kuwa kijana mwenyewe alikuoa na anarudi nyumbani mapema, nasema matembezi yalikuwa ya faida. Hata sifuri yenyewe ni kosa la kawaida la kazi. Hakuna fundi ambaye hajawahi kukata kitambaa vibaya.

Lakini kile kichwa ulichotikisa, dada, hicho hakikuwa cha msichana wa chuo. Ni cha mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, aliyeitwa shahidi mbele ya watu akashuhudia uongo. Hapo nakukaripia na sitakupaka mafuta. Mwenzako anatukanwa, wewe unaandika muhtasari wa kikao. Unasema umebeba mzigo miaka kumi na miwili. Hapana, mzigo ulimtwisha yeye, wewe umebeba wasiwasi tu.

Na kuna jambo jingine hujaliona. Unasema unaamini anajua na anakusitiri. Nani kakwambia? Ulimuuliza? Umemvika mzee wa watu kanzu ya utakatifu bila kumpima, na kanzu hiyo inakufaa wewe kuliko yeye, kwa sababu mtu akiwa mtakatifu huna haja ya kwenda kumwomba radhi, unamsifia kwa mbali inatosha. Wifi yako amewafundisha kwenye kikao kwamba kutokujua si sifuri. Na wewe usijaze moyo wa Mwalimu kwa kukisia.

Mumeo ni mtu mwema ila kwa hili amekosea. Mchomeleaji anajua kabisa kwamba kiungo kibovu ukikipaka rangi hakiwi kizima. Mwambie nimesema.

Sasa fanya hivi. Usingoje kikao. Nenda kwa Mwalimu nyumbani kwake, mchana, peke yako, na usibebe zawadi, maana zawadi itakuwa rushwa na atahangaika kukushukuru badala ya kukusikiliza. Usianze na "unakumbuka siku ile?" Anza na wewe mwenyewe: sifuri niliiweka mimi, niliiweka kwa haraka, na kapu la mayai nililitunga kujikosha. Ukishasema, funga mdomo. Akikasirika, akasirike, ni haki yake. Usilie, ukilia atabembeleza na mambo yatageuka.

Kisha mwombe ruhusa ulisemee kwenye kikao. Akikupa, lisemee kabla ya kura na uliandike kwenye muhtasari kwa mkono wako. Wifi yako atalisikia hapo hapo, na kama anakupenda kama unavyosema, atanuna siku mbili na ya tatu atakuja kuazima kitu. Akikunyima ruhusa, waambie wenzako jambo moja tu, kwamba Mwalimu hakuwa peke yake, na lile kundi la mtandaoni uliambie hivyo hivyo.

Na kura yako piga kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya mtu. Kuhusu hizo programu za zamani, sijui chochote, ila nyumba ikiongezwa chumba wapangaji wa zamani hawafukuzwi. Watu watano wenye akili, mliobishana saa tatu juu ya ombi la fundi wa mita, hamkosi njia.

Nenda. Na ukirudi niandikie, kwa maana hii nitaingojea.


BARUA YA PILI

Mshauri wangu,

Nilienda Jumatano saa kumi alasiri, mikono mitupu kama ulivyoagiza. Mwalimu alikuwa amekaa barazani anarekebisha redio, bisibisi mdomoni. Nikamwamkia, akaniita nikae, na nikayasema yote kwa pumzi moja, jino, karatasi, Ijumaa, mchomeleaji, kapu. Kisha nikafunga mdomo, na hilo lilikuwa gumu kuliko kusema.

Alitoa bisibisi mdomoni. Halafu akasema, "Kumbe ni yako?"

Mshauri, alikuwa hajui. Hakunisitiri hata siku moja. Alikuwa amesahau kabisa, na kwa miaka yote hiyo aliamini kwa moyo safi kwamba sifuri na kapu la mayai ni mawazo yake mwenyewe, tena mazuri kuliko yote aliyowahi kupata. Alionekana kama mtu aliyeambiwa shati alilovaa ni la jirani. Akazungusha kitufe cha redio isiyo na sauti, na nikaona amekasirika kweli. Aliniambia kwamba kuharakisha hakukumuumiza, kilichomuumiza ni kwamba aliniita shahidi nikamkubalia. Nikasema ni kweli, nisamehe. Akaingia ndani, akarudi na kitabu cha mwongozo, akakifungua mahali pa sifuri, akasoma polepole kama mtu anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi. Alipomaliza akasema, "Kama ni yako, basi ni mbaya." Na akaanza kucheka, akacheka mpaka mke wake akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Jumamosi, kwa ruhusa yake, nilisema mbele ya wote. Fundi wa mita alisema "ahaa" tu. Kifupi akaniuliza ni dhambi gani nyingine nimeficha humo ndani. Wifi yangu alinisogezea kiti chake karibu na feni, na mume wangu aliposimuliwa alikiri kwamba angejua Ijumaa ile ingeleta mambo haya angenialika Jumamosi.

Kura haikuchukua muda, tulichobishania ni neno. Mwalimu, sasa akiwa upande wetu, alisema "hakuna" halifai, kwa sababu hakuna nalo ni jibu, ukimwambia mtu hakuna maji maana yake umekwenda ukaangalia. Mtoto ambaye hajapimwa habari zake hazijafika. Akachukua chaki, akaandika ubaoni neno moja: bado. Mtoto amepimwa? Bado. Uzito wake? Bado. Tuliliangalia neno lile, tukashangaa lilikuwa wapi siku zote, maana hata mtoto wa miaka mitatu analitumia ukimuuliza kama ameoga. Na zile programu za zamani hazitaguswa, zitaendelea na sifuri yao mpaka mwenye programu aandike kwenye mstari wa kwanza kwamba anataka "bado". Njia hiyo pia aliitoa Mwalimu, dakika tano, baada ya vikao viwili vya kuapa kwamba haipo.

Kura zote tano zikawa za ndiyo. Ufunguo bado anao yeye. Nilipofungua daftari la muhtasari, Mwalimu aliinama juu ya bega langu kuhakikisha naandika sawasawa, akasema kwenye toleo jipya la kitabu sifuri iwekwe jina langu, na "bado" iwekwe jina lake. Hapo sikubishana.